Mchanga Uliao na Mchanga Uimbao

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri kifungu kifupi cha Kiingereza kilichohusu fukwe ambazo mchanga wake hutoa sauti unapokanyagwa. Waandishi wa Kiingereza wamezoea kusema kwamba mchanga huo "unaimba". Wanafunzi walikuwa 32, na 31 kati yao waliandika vivyo hivyo: mchanga unaoimba. Mmoja tu, binti aliyelelewa Lamu, aliandika "mchanga uliao". Aliposoma kazi yake, wenzake waliangua kicheko. "Kwani umefiwa na nani?" akauliza kijana mmoja aliyeketi nyuma. Binti akainamisha kichwa na kuanza kutafuta kifutio.

Nilimwomba asifute, kwa maana mimi nimewahi kuusikia mchanga wa aina hiyo kwa masikio yangu, na ninaamini kwamba yeye, ambaye hajawahi kuusikia, ndiye aliyeueleza ipasavyo.

Niliusikia huko Wales, katika rasi ya Llŷn iliyo kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ambako nilikuwa nimekwenda kwa shughuli za masomo. Karibu na kijiji cha Aberdaron pana ghuba ndogo ambayo Waingereza huiita Whistling Sands, yaani mchanga upigao mbinja. Siku hiyo jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, ingawa upepo wa bahari ile haumwachii Mwafrika raha hata wakati wa kiangazi. Nilianza kutembea karibu na maji, na mchanga ukawa kimya kabisa kama mchanga wa mahali pengine popote. Nikapanda juu kidogo, palipokuwa pakavu, nikaburuta kiatu. Hapo ndipo ulipotoka mlio mfupi, mwembamba, mithili ya kidole kinachopitishwa juu ya kioo chenye unyevu. Nikaburuta tena. Nadhani kwa muda wa nusu saa nzima niliburuta miguu huku na huko kama mtoto, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akasimama kunitazama.

Mama huyo ndiye aliyeniambia kuwa jina la Whistling Sands ni la wageni. Wenyeji, ambao wengi wao bado huzungumza Kiwelisi nyumbani na dukani, huiita ghuba hiyo Porthor, au kwa maandishi ya ramani, Porth Oer. Neno porth ni mahali pa kutia nanga, na oer ni baridi. Baridi nilikwisha kuithibitisha. Kilichonishangaza ni kwamba jina la wenyeji halitaji sauti ya mchanga hata kidogo. Aliyefika kusikiliza ajabu aliuita ufuko kwa ajabu hiyo, naye mwenye kutia chombo chake pale aliutambua kwa bandari.

Sauti yenyewe si miujiza. Ili mchanga utoe mlio, punje zake sharti ziwe za mviringo, laini na zenye ukubwa unaokaribiana, aghalabu kati ya sehemu moja na tano za kumi za milimita. Punje hizo huwa na silika, madini yatumiwayo kutengenezea kioo (neno hili halihusiani kwa lolote na silika ya mtu). Mguu unaposukuma mchanga, matabaka ya punje huteleza moja juu ya jingine kwa mwendo wa pamoja, na hewa inayozunguka hutetema. Wanasayansi bado hawajakubaliana juu ya kila hatua ya jambo hili. Wanachokubaliana ni kwamba uchafu huuzima mlio. Vumbi kidogo, mafuta kidogo, hata unyevu uliopita kiasi, hutosha kuunyamazisha mchanga. Wajapani wanalijua hilo kwa uchungu. Mwezi Januari 1997 meli ya mafuta ya Kirusi iitwayo Nakhodka ilivunjika katika Bahari ya Japani, na mafuta yake yakafika hadi ufuko wa Kotohikihama, ulio mashuhuri kwa mchanga wake. Watu wa kujitolea waliusafisha, na tangu 2001 ni marufuku hata kuvuta sigara pale.

Jina hilo la Kotohikihama linastahili kutazamwa. Koto ni ala ya Kijapani yenye nyuzi 13, na jina zima lina maana ya ufuko wa kupiga koto. Ama mchanga wenyewe, Wajapani huuita nakisuna. Suna ni mchanga, na naki hutokana na kitenzi naku, ambacho hutumika kwa sauti za ndege, wadudu na wanyama. Kuna naku nyingine, inayotamkwa vivyo hivyo ila huandikwa kwa herufi tofauti, nayo ni kutokwa na machozi. Msomaji ameshatambua ninakoelekea. Mjapani akiusikia mchanga husema kwa kitenzi kinachokaribia mno kulia kwetu, wala hakuna anayemwuliza umefiwa na nani.

Kila kabila la watu limeipa sauti hii jina kwa sikio lake. Katika rasi ya Sinai Waarabu wana Jabal Naqus, mlima wa kengele. Kule Chile, Charles Darwin alisimuliwa habari za kilima cha mchanga kiitwacho El Bramador, yaani mwenye kunguruma. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, pana ufuko ambao jina lake la Kiingereza husema kuwa mchanga wake hubweka. Hata Wawelisi, kitenzi chao canu, ambacho kamusi hukitafsiri kuwa kuimba, hutumiwa pia kwa kengele na kwa piano. Kuimba kwa Mwelisi, basi, si kuimba kwa Mwingereza, na wala si kuimba kwetu.

Na kuimba kwetu ni nini? Katika Kiswahili, aimbaye ana wimbo. Kwa kawaida ana maneno, ana mahadhi, na ana mtu wa kumwitikia. Ndege tumempa ruhusa kwa hisani. Hata ala za muziki hazina ruhusa hiyo: ngoma hailiimbi beni, ngoma hulia, zumari hulia, udi wa taarabu hulia, na mpigaji ndiye anayeuliza. Hulia pia kengele, bunduki, mlango usiotiwa mafuta, tumbo la mwenye njaa na viatu vipya vya ngozi. Viatu hivyo, kwa hakika, ndivyo vilivyonijia akilini pale Porthor. Katika orodha hii yote, mtoto mwenye machozi ni mmoja tu kati ya wengi. (Sizungumzii mkono wa kulia, ambao ni wa kulia chakula na una asili yake nyingine.)

Wapo watakaosema kwamba neno geni huleta ladha mpya, na kwamba mshairi ana haki ya kuuimbisha mchanga akipenda. Mshairi na aimbishe. Mimi nazungumza juu ya mwanafunzi anayeeleza jambo la sayansi, ambaye tangu 2010 katiba imemhakikishia kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yake, lakini ambaye sayansi yake yote ameisoma kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo ana kitenzi kinachotosha, amekinyonya pamoja na maziwa ya mama, na bado anakionea haya kwa sababu hakifanani na kile kilicho kitabuni. Mwalimu akikikata kwa wino mwekundu, mtoto hatakithubutu tena, hata mahali ambapo hakuna kingine kinachofaa.

Fauka ya hayo, tuna nafasi ya kupambanua mambo ambayo neno "kuimba" huyachanganya. Mchanga wa ufukweni hutoa mlio mwembamba, wa mitetemo 500 hadi 2,500 kwa sekunde, nao hukatika kabla ya robo sekunde. Vilima vya mchanga jangwani ni habari nyingine. Mchanga ukiporomoka kutoka kileleni, hutoka sauti nzito ya mitetemo takriban 50 hadi 300, inayoweza kudumu dakika kadhaa na kusikika kilomita kadhaa. Mwaka 2012 watafiti Wafaransa walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mchanga wa Morocco na wa Oman. Ule wa Oman, wenye punje za ukubwa mbalimbali, ulitoa sauti kadhaa kwa mpigo mmoja. Walipouchekecha wakabakiza punje zinazolingana, sauti ikawa moja iliyo wazi.

Sauti hiyo ya jangwani siiiti mlio. Upepo huvuma, nyuki huvuma, na methali yetu ya ngoma wengine huisema kwa kulia, wengine kwa kuvuma, kwa kuwa ngoma ina sauti zote mbili. Ningependekeza, basi, kwa walimu wenzangu na kwa watunga kamusi: wa Porthor na wa Kotohikihama uwe mchanga uliao, na wa Oman uwe mchanga uvumao.