Mama, Usiisahau Difu ya Mbele

Kwa familia nyingi zinazoishi mbali na lami, gari aina ya Land Cruiser au Hilux si anasa. Hilo ndilo linalobeba mahindi kwenda sokoni, na usiku wa manane ndilo linalompeleka mjamzito hospitali. Wengi wetu tunakumbuka oili ya injini, maji ya rejeta na upepo wa matairi. Lakini je, mpendwa msomaji, oili ya difu ya mbele ilibadilishwa lini?

Difu ni kile kichwa cha chuma kilicho chini ya gari, kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Ndani yake mna gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu hayo mawili, nazo huzunguka ndani ya oili nzito. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina difu ya nyuma na ya mbele.

Kwa nini husahauliwa?

Katika magari mengi ya aina hii, difu ya mbele hupumzika mpaka dereva afunge friwili, vile vifungo vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Ndiyo maana watu husema, "Hatuitumii, oili yake bado nzima." Sivyo. Difu yenye joto ikiingia ghafla katika maji ya mto, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochakaa. Maji hayo hukaa humo kwa miezi na kuyala meno ya gia kwa kutu. Masika yanapofika, siku mnayoihitaji kweli, difu hukatika na mgonjwa hubaki matopeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ni lita chache tu; difu nzima ni fedha nyingi.

Mahitaji

Oili ya gia yenye alama GL-5, kwa kawaida 80W-90 (lakini fuata kitabu cha gari lako, pia kwa kipimo cha lita), spana inayokaa sawasawa, beseni, brashi na matambara, washa mpya 2, na pampu ya mkono au mpira wenye faneli. Usitumie oili ya injini.

Namna ya kufanya

1. Funga friwili, endesha kilomita chache ili oili ipate joto na kulainika, lakini usiingize gia ya magurudumu manne ukiwa kwenye lami. Kisha egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu na uzime injini. Magari haya yako juu. Hakuna haja ya jeki.

2. Difu ina nati 2: ya juu ya kujazia, na ya chini ya kumwagia. Zisafishe kwa brashi ili mchanga usiingie ndani.

3. Fungua ya juu kwanza. Hili ndilo jambo kubwa. Ukimwaga oili yote kisha nati ya juu ikagoma kwa kutu, gari halitakwenda hata kwa fundi.

4. Weka beseni, fungua ya chini, na uache oili ichuruzike kwa dakika 15 au zaidi.

5. Itazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; tafuta sili mbovu au kipumulio kilichoziba. Unga mwororo wa chuma kwenye nati ni kawaida, lakini vipande vya meno ni dalili ya kumwita fundi.

6. Funga ya chini kwa washa mpya. Jaza oili kwa tundu la juu mpaka ianze kufurika, kisha funga. Kesho yake kagua kama inavuja.

Oili chafu

Usiimwage karibu na kisima wala bustani ya mboga. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto hajui tofauti. Itie katika dumu lenye alama na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Andika tarehe na kilomita katika daftari la gari. Wengi hubadilisha kila kilomita 40,000, na gari la matope kila 20,000. Likizama mtoni mpaka juu ya ekseli, kagua mara moja bila kungoja.

Na hata kama ni fundi atakayelala chini ya gari, simama karibu, mama. Mwambie, "Fundi, naomba nione oili iliyotoka." Utajua kama unalipia kazi iliyofanyika.