Neno "Athari"

Muhula uliopita tulipewa insha juu ya Ziwa Viktoria. Mimi niliandika: "Matokeo ya kuletwa sangara ni kukatwa miti." Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya "matokeo", akaandika pembeni "athari". Nilinung'unika, maana nilidhani maneno haya ni mapacha. Baadaye nikaona Mwalimu ana haki.

"Matokeo" yametokana na kitenzi "toka": ni yale yatokayo moja kwa moja katika tendo. Umefanya mtihani, umepata alama. Lakini "athari" ni neno la Kiarabu, na huko maana yake ni alama ibakiayo, kama unyayo mchangani. Mtu amekwisha kwenda zake, unyayo upo. Kwa hiyo lafaa sana kwa mambo yajayo kwa kuzunguka, ambayo mtendaji hakuyakusudia.

Mtazameni sangara. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa tele, na furu, aliokuwa akiwala, wamepungua mno. Hayo ni matokeo. Sasa, furu ni mdogo, huanikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi. Sharti akaushwe kwa moshi, na moshi wataka kuni. Basi miti ya kandokando ya ziwa ikakatwa, na mvua zikapata njia ya kuuchukua udongo mpaka majini. Waliomtia samaki ziwani hawakushika shoka hata siku moja. Hiyo ndiyo athari.

Wenzangu wengine hushika kwamba athari ni mbaya daima. Sikubali. Twasema "athari za Kiarabu katika Kiswahili", wala hatulaumu mtu. Neno lenyewe ni mojawapo! Walakini nakiri kwamba katika vinywa vya watu limeelemea upande wa ubaya. Mwambie mgonjwa kuwa dawa yake ina athari, uone kama ataimeza. Kwa hiyo ukikusudia heri, ongeza "njema", usimwache msomaji akisie.

Insha yangu niliiandika upya. Safari hii mstari mwekundu ulikuwa chini ya "iliathirisha". Kitenzi ni "athiri" tu, nacho chatosha: sangara aliathiri misitu, misitu ikaathirika.