Ndege Wawili Wenye Vazi Moja

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ndege wawili wadogo, ambao zamani watu wengi waliwadhania kuwa ndege mmoja. Tena mmoja wa wale waliowatenganisha alikuwa kasisi.

Kasisi huyo ni Gilbert White, aliyezaliwa mwaka 1720 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Huko alikaa sehemu kubwa ya maisha yake, akahudumu kanisani, na huko alifariki mwaka 1793. Alizoea kutembea mashambani na kuandika aliyoyaona na kuyasikia. Mwaka 1768 alimwandikia barua Thomas Pennant, mtaalamu wa wanyama, akimweleza kwamba sasa hana shaka: ndege waliokuwa wakiitwa kwa jina moja ni wa aina tatu, na kila aina ina wimbo wake.

Na tuwatazame wawili kati ya hao watatu. Wa kwanza Waingereza humwita willow warbler, yaani ndege wa mwerebi. Wa pili huitwa chiffchaff. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 11 hivi, na uzito wa vijiko viwili vidogo vya sukari. Wote wawili wana mgongo wa kijani kilichofifia, na mstari mweupe-mweupe juu ya jicho. Ukiwaona wamenyamaza kati ya majani, utasema ni ndugu wa tumbo moja.

Wako watakaokwambia, "Tazama miguu." Ni kweli, mara nyingi miguu ya ndege wa mwerebi ni ya hudhurungi hafifu, na ya mwenzake ni myeusi. Lakini wako ndege wa mwerebi wenye miguu ya giza pia, kwa hiyo alama hiyo peke yake haitoshi. Chiffchaff ana tabia ya kushusha mkia mara kwa mara. Ndege wa mwerebi naye ana mabawa marefu zaidi, kwa kuwa safari yake ni ndefu. Baridi ya Ulaya ikija, chiffchaff wengi huishia kandokando ya Bahari ya Kati. Yeye huvuka jangwa la Sahara, akafika hata kwetu Kenya, na wengine hufika Afrika ya Kusini.

Lakini wakifungua kinywa, shaka yote huisha. Chiffchaff hurudia sauti mbili tu, "chif, chaf, chif, chaf," kama fundi agongaye nyundo, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wimbo wa ndege wa mwerebi huanzia juu, kisha huteremka taratibu na kulainika, kama maji yashukayo mawe, mpaka ukafifia.

Wapendwa, sisi wachungaji tumekosea mara nyingi kwa kutazama mavazi tu. Tulikuwa na kijana mmoja aliyekaa kiti cha nyuma siku zote, akisinzia wakati wa mahubiri. Tulimhesabu pamoja na wavivu. Siku tulipoketi naye tukamsikiliza, tulijua kwamba usiku kucha alikuwa akimwuguza mama yake. Tuliona haya. Mvivu na mchovu husinzia namna moja. Ni maneno yao yanayowatenganisha, nasi hatukuwa tumeyangoja.

Ndege wa mwerebi huwa kwetu tangu Septemba au Oktoba hadi Aprili, naye huonekana katika migunga na hata katika bustani zetu. Kabla ya kurudi kwao, mwezi wa Machi au Aprili, pengine huimba. Basi ukisikia wimbo mwororo ukiteremka mtini, simama kidogo. Kisha ukifika nyumbani, msikilize vivyo hivyo yule uliyekwisha kumhukumu kwa macho.