Mfamasia Kando ya Kitanda cha Mahututi

Mgonjwa alikuwa mkulima wa ufuta kutoka Nandagala, wilayani Ruangwa. Alifikishwa kwetu akiwa mahututi kwa maambukizi yaliyoenea katika damu. Niliandika jentamisini kwa dozi ya kawaida, kisha nikaelekea kitanda cha pili. Mfamasia wa kliniki hakunifuata. Alimgeukia mke wa mgonjwa, akamuuliza: "Mama, kabla ya kuja huku alikuwa akimeza dawa gani?"

Mama akafungua fundo la kanga yake. Mlikuwamo vidonge vya diklofenaki, vilivyonunuliwa dukani kutuliza maumivu ya mgongo. Mumewe alikuwa amevimeza kwa siku tano.

"Daktari, tuanze na seftriaksoni huku tukisubiri kreatinini," akasema mfamasia. Majibu yalipofika, figo zilikuwa zimekwisha kudhoofika. Jentamisini hutoka mwilini karibu yote kwa njia ya figo. Zikishindwa kazi, dawa hujilimbikiza, ikaziumiza zaidi na hata kuharibu usikivu. Kosa lingekuwa langu, na gharama ingekuwa yake.

Mgonjwa mahututi hupewa dawa nyingi kwa wakati mmoja. Mfamasia wa kliniki hupima kila moja: je, dozi inalingana na uzito na hali ya figo na ini? Je, dawa mbili zinagongana? Je, kidonge hiki chafaa kusagwa na kupitishwa katika mpira wa kulishia? Seftriaksoni yenyewe, kwa mfano, haichanganywi na maji ya dripu yenye kalisi.

Mwaka 1999, utafiti uliofanywa katika hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, ulionyesha faida ya kumshirikisha mfamasia katika mzunguko wa asubuhi wodini. Madhara yanayozuilika yatokanayo na uandikaji wa dawa yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa.

Basi, mfamasia asiachwe nyuma ya dirisha la kugawia dawa. Nafasi yake ni kando ya kitanda pia. Nanyi wauguzi na matabibu wa zahanati, andikeni katika barua ya rufaa kila dawa aliyokwisha kupewa mgonjwa. Nawe ndugu unayemsindikiza, chukua vidonge vyote vilivyomo nyumbani, pamoja na mitishamba, wala usione haya kuvionyesha. Fundo lile la kanga lilituambia jambo ambalo barua ya rufaa haikulitaja.