Chumba cha Bibi: Mabati 11, Tofali 1,100

Didia, mkoani Shinyanga, ni nadra kumkuta mtu amelala kibarazani mwa duka kama kwenye stendi za mijini. Asiye na kwake yumo jikoni kwa jirani, au kwenye kibanda ambacho masika moja itakimaliza. Mara nyingi ni bibi mjane: mume kafa, shamba lina wanaolimezea mate, na macho yake, yaliyoungua kwa moshi wa kuni na samadi miaka nenda rudi, yamekuwa mekundu. Kwa macho hayo ameitwa mchawi na kufukuzwa. Unga na blanketi anavyopelekewa sikukuu havimpi mlango wa kufunga usiku.

Tupige hesabu ya mlango huo. Bei siitaji, kwani hupanda. Idadi ya vitu haipandi. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za wastani wa mita 2.5, kina ukuta wa mita za mraba 32 hivi ukiondoa mlango na dirisha. Tofali la kuchoma la sentimita 25 kwa 10 linaingia 31 kila mita ya mraba, kwa hiyo ni 1,000. Ongeza 100 za kuvunjika. Paa la mgongo mmoja, lililotokeza nusu mita kila upande, linataka mabati 11 ya futi 10.

Hapo ndipo wachangiaji hubana matumizi: zaidi ya theluthi ya mabati hayo hayafuniki chumba, yanatokeza nje tu. Kazi yake ni kukinga ukuta. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo vilipiga Mwakata, wilayani Kahama, vikaua watu zaidi ya 40, wengi wakiangukiwa na kuta za tope zilizolowa. Mfuko mmoja wa saruji unatosha lipu ya nje kuzunguka chumba chetu hadi mita 1 kwenda juu, pale maji yanaporuka kutoka chini. Ukuta uliobaki unategemea bati lile lililotokeza.

Mchango ugawanywe hivi: kaya 11, bati moja kila kaya. Kaya 44, tofali 25 kila kaya. Vijana wa kijiji, wale ambao Wasukuma huwaita basumba, wanabeba na kuchanganya udongo. Fundi ndiye wa kulipwa. Tofali zichomwe kwa pumba za mpunga inapowezekana, maana mkoa huu ulipanda miti na kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) wa 1986, na si busara kuikata tena.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,241,299 mkoani Shinyanga. Kitaifa wazee ni asilimia 5.7, kwa kiwango hicho mkoa una wazee kama 127,800. Tuseme mmoja katika 1,000 hana pa kulala: vyumba 128, mabati 1,408. Makazi ya wazee ya Kolandoto yapo, lakini bibi wengi wanataka kuzikwa kijijini kwao.

Kilichobaki hakinunuliwi dukani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na halmashauri ya kijiji inaweza kumpa bibi hati ya kimila kwa jina lake. Bila hati hiyo, ndugu waliomfukuza watarithi mabati yenu 11. Kiwanja nacho kitafutwe karibu na yule jirani aliyempa jiko la kulala, si pale alipofukuzwa.