Zimwi Mwenye Ngoma Katika Somo la Kiingereza

Lugha Mpakani: Sehemu ya Tatu

Juma lililopita tuliishia pale mtoto wa darasa la nne, upande wa Tororo, anapoacha kusomeshwa kwa Ateso au Dhopadhola na kuingia katika masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Leo tutazame zana moja ambayo walimu wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda huletewa kila Oktoba inapokaribia. Ni kurasa za mazoezi ya Halloween, zinazosambazwa kwa simu: maboga yaliyotobolewa macho na meno, wachawi waliopanda fagio, mifupa inayocheza, na maagizo ya kuwavisha watoto barakoa ili wapate kuzungumza. Kurasa hizo zilitungwa kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza kama somo moja miongoni mwa mengi, vipindi vichache kwa juma. Mwalimu wa Busia anazipitia na kujiuliza kama zinamfaa. Naamini ndani yake kuna kitu cha thamani kubwa, lakini hakimo katika boga wala katika mchawi.

Sherehe yenyewe huwa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Asili yake ni Ireland na Uskoti, ambako watu wa kale waliadhimisha Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya giza, wakiamini kwamba usiku huo wafu hukaribiana na walio hai. Kanisa liliweka karibu na siku hiyo sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na kumbukumbu ya Marehemu Wote, tarehe 2. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakikimbia njaa iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, waliivusha Halloween bahari hadi Marekani. Huko boga lilichukua nafasi ya tanipu waliyozoea kuichonga kwao, na katika karne ya 20 ukaenea mtindo wa watoto kupita nyumba kwa nyumba, nyuso zimefichwa, wakisema maneno yale yale kila mlangoni hadi wapewe peremende.

Waireland walifika Uganda pia. Mother Kevin, mzaliwa wa Ireland wa mwaka 1875, aliingia nchini mwaka 1903 pamoja na masista wenzake, wakishirikiana na mapadri wa Mill Hill ambao walikuwa wamefika mwaka 1895 na kufanya kazi mashariki ya nchi. Walichokuja nacho kutoka kwao ni sala ya kuwaombea marehemu. Barakoa na maboga viliachwa nyuma. Ndiyo maana Mkatoliki wa Tororo anaijua vizuri tarehe 2 Novemba, siku ya kukumbuka makaburi ya wazazi, ilhali usiku wa 31 Oktoba kwake ni usiku kama mwingine. Waanglikana nao wana tarehe yao papo hapo: 29 Oktoba 1885 ndiyo siku aliyouawa Askofu James Hannington huko Busoga, baada ya safari iliyompitisha Mumias. Mwalimu wa sekondari anayetaka habari ya kusomwa na kujadiliwa mwishoni mwa Oktoba ana habari hiyo mkononi, na njia aliyopita askofu haiko mbali na darasa lake.

Sasa tuje kwa mchawi wa kwenye picha. Mtoto wa Chicago akivaa kofia ndefu nyeusi, kila mtu mtaani anajua ni mchezo, kwa sababu hakuna jirani yake anayetuhumiwa kweli. Mpakani kwetu hali ni nyingine. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, Uganda ina yake ya mwaka 1957, na magharibi ya Kenya habari za wakimbiaji wa usiku husimuliwa kwa sauti ya chini na watu wazima wenye akili zao timamu. Mei 2008, katika eneo la Kisii, umati uliwachoma moto watu 11 waliotuhumiwa uchawi. Katika darasa la watoto themanini huenda yumo mmoja ambaye bibi yake ananyoshewa kidole kijijini. Ukimsimamisha mbele, ukampa ufagio na kuwaambia wenzake wapaze sauti "She is a witch!", utakuwa umefundisha sentensi sahihi kisarufi na kumjeruhi mtoto wa watu. Sioni zoezi lolote la lugha linaloweza kulipia gharama hiyo. Picha ya mchawi iondolewe kabisa, na mwalimu asishawishiwe na hoja kwamba ni mchezo tu.

Msamiati uliobaki nao uchujwe. Bone, skull, bat, owl, spider na web ni maneno ambayo mtoto atayahitaji katika somo la sayansi, pale atakapofundishwa kwamba mtu mzima ana mifupa 206 na kwamba buibui ana miguu minane. Bundi astahili kipindi chake mwenyewe. Katika sehemu nyingi za nchi zetu akilia juu ya paa watu hungoja habari ya msiba, na watoto humrushia mawe. Sentensi fupi "An owl eats rats. Rats eat our maize" inafundisha Kiingereza na kumwokoa ndege anayelinda ghala. Boga nalo lina kazi, ila kama chakula: majani ni mboga, tunda hupikwa, mbegu hukaangwa. Kumwambia mtoto wa Samia alitoboe lioze dirishani ni kumfundisha ufujaji. Maneno ya majumba yenye mizuka na masufuria ya wachawi yaachwe, kwa sababu hayatamfaa dukani, shambani wala katika mtihani.

Kwa nini tujisumbue kuchuja maneno hivi? Kwa sababu Busia ni mahali ambapo dunia ilijifunza jinsi lugha ya kitabu inavyoweza kumwacha mtoto nyuma. Katika miaka ya 1990 mchumi Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alifanya utafiti na wenzake katika shule za msingi za Busia na Teso, upande wa Kenya. Shule kadhaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa vitabu rasmi vya serikali, na matokeo yakalinganishwa na ya shule ambazo hazikupewa. Wengi walitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni watoto ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri. Wengine walibaki pale pale. Watafiti, katika makala yao ya mwaka 2009, walieleza kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu, na kwamba mtaala wenyewe ulimlenga mwanafunzi aliye mbele. Hata chati za kutundika ukutani, zilizojaribiwa katika shule za eneo hilo hilo, hazikuonyesha faida. Nyenzo ilikuwepo darasani, lakini mtoto hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kuna fikra ya zamani inayosema dawa yake ni kuongeza Kiingereza na kuzifukuza lugha nyingine. Ilipata nguvu karibu na hapa, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere Januari 1961. Miaka 31 baadaye mwanaisimu Robert Phillipson aliyachambua mawazo yaliyotoka katika zama zile na kuyaita makosa: kwamba Kiingereza hufunzwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango kitashuka. Matunda yake ya uchungu ni kile kibao alichovalishwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu za namna hiyo mwaka 1986, na wazazi wengi wanaosoma gazeti hili waliwahi kukivaa. Kibao hicho kilifundisha kunyamaza. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza, na aliyekatazwa neno lingine lolote, hana la kufanya isipokuwa kufunga mdomo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kile kitu cha thamani kilichofichwa katika kurasa za Halloween. Barakoa inafanya kazi kwa sababu kuna mtu anajua jambo na mwingine halijui. Katika kipindi cha kawaida mwalimu huinua kitabu na kuuliza "What is this?" ilhali yeye anajua, darasa linajua, na kila mtu anajua kwamba wote wanajua. Hilo si swali. Lakini mtoto aliyefichwa uso, au aliyebandikwa mgongoni picha asiyoiona, akiuliza "Have I got wings? Do I live in water?" anauliza kweli, na jibu analihitaji. Mtu akihitaji jibu hulisikiliza, na sentensi aliyoitumia kulipata huingia kichwani na kukaa.

Basi tukiutafuta mchezo huu wa kuficha na kufichua, hatuna haja ya kuuagiza ng'ambo. Kila kitendawili kinachotegwa kimejengwa hivyo. Na katika ngano zetu iko moja inayofanana na ule mtindo wa nyumba kwa nyumba kiasi cha kushangaza: hadithi ya zimwi na binti aliyetiwa ndani ya ngoma, inayosimuliwa kwa sura nyingi Afrika Mashariki na hadi kusini mwa bara. Zimwi anamkamata msichana, anamfungia ndani ya ngoma, kisha anazunguka vijijini. Kila anapofika anaomba chakula. Akipewa, anaipiga ngoma na ngoma inaimba kwa sauti tamu. Hatimaye anafika kijiji cha wazazi wa binti. Mama anaitambua sauti. Zimwi analewa au analala, wazazi wanamtoa mtoto wao na kuweka nyuki mahali pake. Zimwi anakwenda zake, anaifungua ngoma, na yaliyompata kila mtoto anapenda kuyasimulia mwenyewe.

Tazama inavyogeuka somo. Darasa limejaa, madawati hayasogezwi. Haidhuru, kila safu ya madawati ni kijiji. Jerikeni tupu ni ngoma. Zimwi anasimama mbele ya safu ya kwanza na kusema: "Good evening. My drum can sing. What will you give me?" Safu inajibu kwa pamoja: "We will give you millet bread." Safu ya pili inatoa mihogo, ya tatu karanga, na watoto wa Sio Port au Majanji watatoa wale samaki wadogo ambao ng'ambo moja ya mpaka huitwa omena na ya pili mukene. Maneno ya mlangoni hayabadiliki; kinachobadilika ni chakula. Kwa hiyo mtoto dhaifu kuliko wote, akiisha kuyasikia mara nne, anayo sentensi nzima na amebakiwa na neno moja la kutafuta. Binti wa ndani ya ngoma huchaguliwa kwa siri, akajificha nyuma ya mwalimu na kuimba, na safu ya mwisho lazima imtambue kwa sauti: "Who is in the drum? Is it a boy? Does she sit near the window?" Hapo hakuna anayesinzia.

Mwalimu asikatize mchezo ili kusahihisha. Aandike makosa matatu au manne pembeni, na mwisho ayaweke ubaoni bila kutaja aliyeyasema. Jukumu la zimwi lizungushwe, wasichana wapewe pia, na asiwekwe mtoto yule ambaye wenzake humcheka kila siku. Kesho yake hadithi ile isimuliwe kwa wakati uliopita: he came, he asked, he opened the drum. Vitenzi vinavyobadilika ovyo, ambavyo watoto hukaririshwa kwa orodha na kuvisahau, vinarudi vikiwa na kazi ya kufanya.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni la kabla ya kipindi. Watoto watumwe nyumbani jioni wakamwombe bibi au babu hadithi ya zimwi, kwa lugha yoyote ya nyumba hiyo: Lusamia, Ateso, Dhopadhola, Lukhayo, Kiswahili. Jamii nyingi hapa hazipendi ngano zisimuliwe mchana, kwa hiyo usiku ndio wakati wake na nyumbani ndipo mahali pake. Asubuhi zitakuja hadithi ambazo hazilingani. Kwa mmoja ndani ya ngoma waliwekwa nyuki, kwa mwingine nyoka. Huyu atasema zimwi alikufa, yule atasema alitorokea ziwani. Sasa darasa lina tofauti za kweli za kuulizana, na mwalimu mwenyewe hajui majibu. "In our story there were snakes. And in yours?" Wakikwama wasaidiane kwa lugha yao, kisha warudi kwenye Kiingereza. Tangu mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 lugha za nyumbani zina nafasi rasmi katika madarasa matatu ya kwanza, na Kenya ina sera kama hiyo. Sioni sababu ya kuufunga mlango huo ghafla mtoto anapofika la nne.

Kuhusu wakati, tarehe 31 Oktoba ni mbaya kwa shule zetu. Upande wa Uganda darasa la saba linajiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi (PLE) wa mwanzoni mwa Novemba, na upande wa Kenya ni majira ya mitihani vilevile. Muhula wa pili unafaa zaidi, mavuno yanapokaribia na jioni watu wana nafasi ya kuketi pamoja. Mwalimu mkuu na wazazi waelezwe mapema kwamba ni ngano ile waliyolelewa nayo. Mchungaji au imamu ambaye angekataa vinyago vya Halloween, na haki yake ningeiheshimu, ni vigumu akatae hadithi ya mama aliyemtambua mwanawe kwa sauti.

Juma lijalo tutashughulikia swali ambalo walimu wa Malaba na Tororo huliuliza zaidi: mtoto aliyezoea kusimulia namna hii ataandikaje insha ya mtihani, na ni wapi kalamu hukwama baada ya mdomo kufunguka.