Vituko vya kriketi: mpigaji aliyetolewa akiwa safarini na mechi iliyokatizwa na meli

Mwaka 2002, mchezaji wa West Indies Vasbert Drakes alitolewa katika mechi ambayo hakuwa hata amefika uwanjani. Timu yake ya Border ilikuwa inacheza na Free State mjini East London, Afrika Kusini. Drakes alikuwa anatokea Sri Lanka, ndege yake ikachelewa, na zamu yake ya kupiga ilipofika hapakuwa na mtu wa kuingia. Sheria inasema mpigaji mpya asipokuwa tayari ndani ya dakika chache baada ya mwenzake kutoka, naye anahesabiwa ametoka. Waamuzi wakaifuata kama ilivyoandikwa.

Kwa miaka mingi kisa hicho kilibaki cha kuchekesha tu, hadi Novemba 6, 2023, mjini Delhi, katika Kombe la Dunia. Angelo Mathews wa Sri Lanka aliingia uwanjani, akawa anakaza kofia yake ya kujikinga, mkanda ukakatika. Akaashiria aletewe nyingine. Nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, akawakumbusha waamuzi kwamba muda umekwisha. Mathews akawa mchezaji wa kwanza kutolewa namna hiyo katika kriketi ya kimataifa, bila kupokea mpira hata mmoja. Baadaye siku hiyo Mathews mwenyewe ndiye aliyemtoa Shakib, na aliposhangilia alimwonyesha mkono, mahali pa kuvaa saa.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, maelezo mafupi yanatosha. Mrushaji anarusha mpira kuelekea vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Mpigaji anavilinda kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali anakimbia na mwenzake kubadilishana upande. Kila mkimbio ni alama. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, ni alama sita. Mirusho sita inaitwa ova. Mengine yote ni sheria, na sheria za kriketi ni nyingi. Humo ndimo vituko vingi vinamozaliwa: kuna anayeisoma sheria kuliko wenzake, na kuna inayomkuta asiyetarajia.

Siku tisa Durban

Zamani mechi nyingine za kimataifa zilichezwa bila kikomo cha muda. Zinaendelea mpaka apatikane mshindi, hata zikichukua wiki. Wazo hilo lilionekana la haki kabisa hadi Machi 3, 1939, Afrika Kusini na England zilipokutana Durban.

Afrika Kusini ilipata mikimbio 530, England ikajibu kwa 316. Afrika Kusini ikaongeza 481. England sasa ilihitaji 696 ili kushinda, idadi ambayo hakuna timu iliyowahi kuifikia katika zamu ya mwisho. Lakini uwanja haukuharibika kama walivyotarajia warushaji. Mvua ilinyesha, ardhi ikashindiliwa upya, na kila asubuhi wapigaji walikuta pamekaa vizuri tena. Bill Edrich alipata 219, Paul Gibb 120, nahodha Wally Hammond 140.

Siku ya tisa ya mchezo, Machi 14, England ilikuwa na 654 na wachezaji watano tu walikuwa wametoka. Zilibaki 42. Mvua ikanyesha tena, na safari hii wageni hawakuweza kusubiri: meli yao ya kurudi nyumbani, Athlone Castle, ilikuwa inaondoka Cape Town, na kutoka Durban hadi huko ni safari ndefu ya treni. Wakafunga mizigo. Mechi iliyotungiwa kanuni ili lazima ipate mshindi ikaisha bila mshindi, baada ya mikimbio 1,981. Baada ya vita vya pili vya dunia mechi za aina hiyo hazikurudi tena.

Yaliyoruhusiwa na yaliyoaibisha

Durban hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Visa viwili vinavyofuata ni tofauti, na ndivyo vinavyozungumzwa zaidi na wapenzi wa mchezo huu, kwa sababu waliohusika hawakuvunja sheria yoyote.

Cha kwanza ni cha Mei 24, 1979, Worcester, England. Klabu ya Somerset, yenye majina kama Viv Richards, Ian Botham na Joel Garner, ilikuwa karibu kufuzu robo fainali ya kombe. Kama timu zingelingana kwa pointi, zingetenganishwa kwa kasi ya kuwatoa wapinzani. Nahodha Brian Rose akapiga hesabu: hata tukifungwa leo tutapita, ilimradi kasi hiyo isiharibike. Na itaharibikaje kama hatutarusha mpira mwingi? Somerset ikapiga ova moja, ikapata mkimbio mmoja, kisha Rose akatangaza kwamba zamu yao imekwisha. Worcestershire ilihitaji mikimbio miwili, na mirusho kumi ikatosha. Watazamaji waliokuwa wamelipa kiingilio walirudishiwa pesa.

Kitabuni, Rose alikuwa sahihi. Hakuna kifungu kilichokataza. Lakini wiki moja baadaye wasimamizi wa kriketi walipiga kura na kuitoa Somerset mashindanoni, kisha wakapiga marufuku timu kufunga zamu yake mapema katika mechi za siku moja. Sisi tunaona adhabu ile ilikuwa ya ajabu kama kosa lenyewe: klabu iliadhibiwa kwa jambo ambalo sheria iliyolikataza ilikuja baadaye. Ila ukimuuliza mtu aliyesafiri kwenda kutazama, huenda asikuelewe.

Cha pili kilitikisa serikali mbili. Februari 1, 1981, mjini Melbourne, New Zealand ilihitaji alama sita katika mpira wa mwisho ili kutoka sare na Australia. Aliyekuwa anapiga ni Brian McKechnie, aliyewahi pia kuichezea New Zealand raga. Nahodha wa Australia Greg Chappell hakutaka kubahatisha. Alimwendea mrushaji, mdogo wake Trevor, akamwagiza auviringishe mpira chini, kama mtoto anayecheza gololi. Mpira unaotambaa hauwezi kupigwa ukaruka mpaka nje. Urushaji wa namna hiyo ulikuwa bado unaruhusiwa. Mlinda wiketi wa Australia, Rod Marsh, alionekana akitikisa kichwa. Trevor akauviringisha, McKechnie akauzuia, kisha akalitupa gongo lake kwa hasira.

Waziri mkuu wa New Zealand, Robert Muldoon, alisema kitendo kile ni cha woga na kwamba ilistahili Waaustralia walivyovaa jezi za njano, rangi ambayo kwa Kiingereza ni ishara ya uoga. Waziri mkuu wa Australia, Malcolm Fraser, naye alikikemea. Hata Ian Chappell, kaka yao mkubwa na nahodha wa zamani, hakumtetea nduguye. Urushaji huo ukapigwa marufuku katika mechi za siku moja. Jambo moja husahaulika: kupata sita dhidi ya mpira wa mwisho katika uwanja mkubwa kama ule kulikuwa kugumu mno. Australia ingeshinda kwa uwezekano mkubwa hata kwa kurusha kawaida.

Mvua, hesabu na Kenya

Mpinzani mwingine wa kriketi ni mvua, na hakuna waliyemtesa kama Afrika Kusini. Mwaka 1992 walikuwa katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya kufungiwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Katika nusu fainali dhidi ya England mjini Sydney walihitaji mikimbio 22 kwa mirusho 13. Inawezekana. Mvua ikanyesha kwa dakika chache.

Kanuni ya wakati huo ilikata ova kwa timu inayofukuza, lakini ilipunguza lengo kwa kuangalia ova ambazo wapinzani walipata kidogo zaidi. Afrika Kusini ilikuwa imerusha vizuri sana, ikaadhibiwa kwa uhodari wake: mirusho ikapungua, lengo likabaki karibu lile lile. Ubao ukaonyesha 22 kwa mpira mmoja. Hesabu sahihi ilikuwa 21, kana kwamba hilo lingesaidia.

Wanatakwimu wawili wa Kiingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, walitengeneza fomula ya haki zaidi, iliyoanza kutumika Januari 1997. Afrika Kusini ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2003, mvua ilipokaribia Durban katika mechi na Sri Lanka, wachezaji walikuwa na karatasi yenye hesabu hiyo. Mark Boucher alipiga sita, akaamini wamefika, akauzuia mpira wa mwisho wa ova bila kukimbia. Mvua ikasimamisha mchezo. Idadi ya kwenye karatasi, 229, ilikuwa ya sare. Ushindi ulihitaji 230. Wenyeji wakatolewa katika mashindano yao wenyewe.

Kundi hilo hilo lilikuwa na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda kucheza Nairobi ikihofia usalama, Kenya ikapewa pointi bila kutoa jasho. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo Kenya ilibahatika tu kufika nusu fainali. Wanasahau kwamba iliifunga Sri Lanka pale Nairobi, Collins Obuya akiwatoa watu watano, na kisha ikaifunga Zimbabwe.

Wanamsahau pia Aasif Karim. Mzaliwa huyu wa Mombasa aliyewahi kuiwakilisha Kenya katika tenisi pia, alikuwa amestaafu kriketi, akaitwa tena akiwa na miaka 39. Machi 15, 2003, Durban, alikabidhiwa mpira dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia wasioshindwa katika mashindano yale. Alirusha ova nane na mirusho miwili, akatoa mikimbio saba tu, na akawatoa watatu, akiwemo nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Karim.

Yasiyo na sheria

Vingine ni vituko vitupu. Mwaka 1936 uwanjani Lord's, London, mpira wa Jahangir Khan ulimuua shomoro. Ndege huyo alikaushwa na yumo katika jumba la makumbusho la uwanja huo. Mwaka 1983 watazamaji wa Brisbane waliingiza nguruwe aliyeandikwa ubavuni jina la Botham. Mjini Paarl, Afrika Kusini, miaka ya 1990, Daryll Cullinan alipiga sita ikatua ndani ya kikaango cha ngisi, na mchezo ukasimama mpaka mafuta yafutwe. Mwaka 2017 Nathan Lyon wa Australia alirudisha mkate kwenye kibaniko akasahau, king'ora cha moto kikalia, magari ya zimamoto yakaja, mechi ikasubiri nusu saa. Mwaka 2019 mjini Napier, New Zealand, mchezo ulisimamishwa kwa sababu jua lilikuwa linang'aa mno: uwanja umeelekezwa mashariki na magharibi, na machweo yaliwapiga wapigaji machoni.

Na Nairobi ina chake. Oktoba 4, 1996, katika klabu ya Gymkhana, kijana wa Pakistan aliyeitwa hasa kwa ajili ya kurusha alipelekwa mapema kupiga dhidi ya Sri Lanka, akishika gongo la Sachin Tendulkar ambalo Waqar Younis alimwazima. Shahid Afridi alifikisha mikimbio 100 kwa mirusho 37, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17. Kumbukumbu ziliandika kwamba alikuwa na miaka 16. Mwaka 2019, katika kitabu cha maisha yake, Afridi alisema hapana, alikuwa na 19. Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba alizaliwa mwaka 1975, na kwa hesabu hiyo siku ile Nairobi alikuwa na miaka 20 au 21.